Ngozi ya kichanga: kila mtu ana ushauri wake, sasa ushike upi?

Ukishajifungua tu ushauri unaanza kumiminika. Mmoja anakuambia mpake mafuta mwili mzima kila akitoka kuoga, mwingine anasema usimpake chochote mpaka amalize mwezi, wa tatu kakuletea poda, wa nne anakuambia poda ni hatari, na ukiingia mtandaoni ndo unachanganyikiwa kabisa maana kila krimu imeandikwa ni salama kwa watoto na kila mzazi anaapa kwamba ya kwake ndo iliyomponya mwanae. Mimi nilipita humo na mtoto wangu wa kwanza. Namwogesha asubuhi na jioni kwa sabuni yenye harufu nzuri, namsugua na kitambaa, namalizia na losheni, ngozi ikazidi kukauka na vipele vikatoka, na kila nilivyoona vipele ndo nikazidi kumwogesha nikijua ni uchafu. Nilikuja kutoka kwenye mzunguko huo baada ya kuelewa jambo moja: ngozi ya kichanga haijamaliza kujengwa. Ukilishika hilo, karibu kila ushauri unaoletewa unaweza kuupima mwenyewe.

Juu kabisa ya ngozi kuna tabaka la seli zilizokauka, zimepangana kama matofali, na katikati ya hayo matofali kuna mafuta yanayoziba mianya ili maji ya mwilini yasitoke hovyo na vijidudu vya nje visiingie. Kwa mtoto tabaka hilo ni jembamba kwa takriban asilimia 30 ukilinganisha na la mtu mzima, yani ukuta upo ila bado ni dhaifu, unapoteza maji haraka na unapitisha vitu haraka. Alafu kuna hesabu nyingine ambayo watu wengi hawaipigi: mtoto ana ngozi nyingi sana kwa uzito wake. Kwa kila kilo moja ya mwili wake ana ngozi nyingi kuliko wewe, kwahiyo ukimpaka dawa mwili mzima, kiasi kinachoingia kwenye damu yake kwa kila kilo kinakuwa kikubwa kuliko ambacho kingeingia kwako. Na kwa njiti ndo zaidi, ngozi yao inaweza kuwa nyembamba kiasi kwamba unaona mishipa ya damu kabisa.

Hii sio nadharia ya vitabuni. Mwaka 1972 nchini Ufaransa kuna poda ya watoto iliyochanganywa kimakosa na dawa ya kuua bakteria inayoitwa heksaklorofeni, kiwango cha takriban asilimia 6, wazazi wakawapaka watoto wao makalioni kama poda nyingine yoyote, dawa ikapenya kwenye ngozi ikaenda mpaka kwenye ubongo na watoto 36 wakafariki. Kila nikiona mtu anamimina dawa ya kuulia vijidudu kwenye beseni la mtoto "ili ajisikie msafi" huwa nakumbuka hao watoto. Maji masafi ya uvuguvugu yanatosha kabisa.

Kitu kingine ambacho hakijakamilika siku anayozaliwa ni uasidi wa ngozi. Ngozi yako wewe mtu mzima ina asidi kidogo, ukiipima kwenye kile kipimo cha pH, ambacho namba ikishuka ndo asidi inazidi, inakaa karibu na 5. Asidi hiyo ndo inazuia bakteria wabaya wasizaliane na ndo inasaidia yale mafuta ya katikati ya matofali yatengenezwe vizuri. Kichanga anazaliwa ngozi yake ikiwa karibu na 7, sawa na maji ya kawaida, na inashuka taratibu kwenye siku na wiki za mwanzo. Sasa sabuni ya kawaida ya kipande, haijalishi inanukia vipi au imechorwa mtoto gani kwenye kasha, ina pH ya 9 mpaka 10. Kwahiyo mwili unahangaika kushusha, wewe unapandisha mara mbili kwa siku, na hapohapo sabuni inabeba yale mafuta kidogo aliyonayo. Ndo maana ngozi inakauka na kupasuka kadiri unavyozidi kuisafisha.

Na kabla hata ya sabuni kuna ule utando mweupe mzito anaozaliwa nao, ambao watu wengi wanauonea kinyaa wanataka ufutwe haraka. Ule ni kazi ya mwili. Takriban asilimia 80 yake ni maji, kilichobaki ni protini na mafuta, ulimkinga mtoto asilainike vibaya alipokuwa anaelea tumboni miezi yote ile, na akishazaliwa unaendelea kumtunzia unyevu na kumkinga na vijidudu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka yapite masaa 24 tangu azaliwe, kwasababu ya utando huo na pia kwasababu kichanga anapoteza joto haraka sana akilowa. Mfute damu, mkaushe, muweke kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, utando uachwe unywee wenyewe.

Akishavuka hapo, mara 2 au 3 kwa wiki ya kuoga mwili mzima inamtosha, maana mtoto ambaye hajaanza kutambaa hajichafui kihivyo. Kila siku unamsafisha uso, shingo, makwapa, viganja na huko chini. Kama joto ni kali na jasho linamtoka unaweza kumwogesha kila siku na wala sio kosa, ila iwe maji tu, dakika 5 mpaka 10, joto linalokaribiana na la mwili, na upime kwa kiwiko maana kiganja kimezoea moto. Ukilazimika kutumia sabuni chukua ya maji isiyo kali na isiyo na harufu, kidogo, mwishoni mwa kuoga ili asikae ndani ya maji yenye sabuni. Ukimtoa usimsugue. Gusagusa na taulo laini mpaka akauke, na usiharakishe kwenye mikunjo ya shingo, nyuma ya masikio na mapajani, maana maziwa na jasho vikijificha humo vinachacha na ngozi inachubuka bila wewe kuona.

Kitovu hapa nitakipita haraka: kiache kikavu, kiache wazi juu ya nepi, usipake kitu chochote ambacho hujaelekezwa na mhudumu wa afya, kitadondoka chenyewe, mara nyingi ndani ya wiki 2 za mwanzo.

Sasa mafuta, ambapo ndo ugomvi mkubwa ulipo. Watu wanadhani mafuta yakishatoka kwenye mmea basi ni salama, kumbe inategemea ndani yake kuna nini. Mafuta ya zeituni kwa mfano yana asidi ya oleiki kwa wingi, na hiyo imeonekana inaulegeza ule ukuta badala ya kuuimarisha. Watafiti wa Manchester kule Uingereza waliwahi kuwapaka vichanga kundi moja mafuta ya zeituni, kundi lingine ya alizeti, kundi la tatu halikupakwa kitu, kwa wiki 4. Waliopakwa ngozi zao zilikuwa na unyevu zaidi, lakini yale mafuta ya asili ya katikati ya seli hayakujipanga vizuri kama ya wale walioachwa. Yani kwa macho ngozi inang'aa na ukiigusa ni laini, huku ujenzi wa chini umecheleweshwa. Kwa mtoto mwenye ngozi nzima isiyo na shida, kwahiyo, kutompaka chochote ni uamuzi halali kabisa na asikuambie mtu kwamba unamtelekeza.

Akiwa mkavu, au hali ya hewa inamkausha, mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na harufu ndo ningeanza nayo. Hayana maajabu, yanakaa juu na kuzuia maji yasitoke, na faida yake kubwa ni kwamba ndani hamna vitu vingi vya kumletea aleji. Mpake akiwa bado ana unyevunyevu wa kuoga, ndani ya dakika chache. Na yale maneno ya kwenye chupa, "asilia", "haina aleji", "imethibitishwa na madaktari", usiyape uzito sana. Marekani kwenyewe hakuna kanuni ya serikali inayosema bidhaa lazima itimize nini ndo iitwe haina aleji. Geuza chupa usome nyuma, ukiona orodha ndefu na manukato ndani yake, rudisha.

Poda naiweka pembeni kabisa. Ukiipuliza karibu na mtoto inaingia kwenye mapafu yake, na ile ya talki ikiingia kwa wingi inaweza kumletea shida kubwa ya kupumua. Alafu kwenye mikunjo yenye jasho inaganda vibonge vinavyosugua ngozi, yani inafanya kinyume na kile ulichoinunulia.

Tuje kwenye nepi, na hapa nataka twende taratibu kwasababu vipele vya nepi vinamliza karibu kila mtoto na maelezo mengi yanaishia kwenye "badilisha mara kwa mara" bila kusema kwanini. Ndani ya nepi kuna mambo manne yanatokea kwa kufuatana. Kwanza unyevu, ngozi inaloa inavimba na kulainika kama vidole vyako ukifua muda mrefu. Pili msuguano, ngozi hiyo iliyolainika inasuguliwa na nepi kila mtoto anaporusha miguu. Tatu mkojo unakutana na kinyesi, bakteria wa kwenye kinyesi wanavunja urea, ile taka ya kwenye mkojo, inakuwa amonia, na amonia inapandisha pH. Nne, pH ikishapanda, vimeng'enya vilivyomo kwenye kinyesi, vile vilivyotoka tumboni kusaga mafuta na protini za chakula, vinaamka na kuanza kusaga mafuta na protini za ngozi yenyewe. Mkojo peke yake hausababishi hayo yote na kinyesi peke yake kinachukua muda, vikiungana ndo moto unawaka. Ndo maana mtoto akiharisha au akiwa kwenye antibaotiki anachubuka ndani ya siku moja, na ndo maana anayenyonya maziwa ya mama mara nyingi hachubuki sana, kinyesi chake kina asidi zaidi.

Ukielewa mlolongo huo matibabu yanajieleza. Akijisaidia haja kubwa unambadilisha hapohapo hata kama umembadilisha dakika 10 zilizopita, mkojo unaweza kwenda masaa 2 mpaka 3. Msafishe kwa maji na pamba au kitambaa laini, mtoto wa kike futa kutoka mbele kwenda nyuma, waipsi kama unazitumia ziwe hazina pombe wala manukato. Muache bila nepi kwa muda, hata robo saa mara kadhaa kwa siku, hewa ni dawa kwelikweli. Alafu paka krimu yenye zinki oksaidi au mafuta ya mgando, na upake nene, kama unampaka mkate siagi, kwasababu lengo ni kuweka ukuta wa bandia kati ya ngozi na uchafu. Wakati wa kumbadilisha tena toa kile kilichochafuka tu juu, usikwangue krimu yote mpaka kwenye ngozi, ile kwangua kwangua inaumiza kuliko vipele vyenyewe. Kama ni nepi za kitambaa, suuza mpaka sabuni iishe kabisa na uachane na vile vilainisha nguo vyenye manukato.

Kama siku 3 zimepita na unafanya yote haya na hali iko vilevile, angalia kwenye mikunjo. Michubuko ya kawaida inakaa pale nepi inapogusa, makalio, tumbo la chini, mapaja, na ndani ya mikunjo kunakuwa kuna nafuu. Fangasi ni kinyume, wanapenda ndani ya mikunjo palipo na giza na joto, na pembeni ya eneo kubwa unaona vidoa vidogovidogo vimetapakaa. Angalia na mdomoni, utando mweupe usiofutika unaonyesha fangasi wako huko pia. Hapo zinki peke yake haitoshi, anahitaji dawa ya fangasi na mtu wa kumwangalia.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna zile tyubu zinazouzwa bila cheti, ndani zimechanganywa dawa ya fangasi, antibaotiki na steroidi kali, yani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, zote kwa pamoja. Ukipaka siku ya kwanza vipele vinanywea unafurahi sana. Lakini nepi inafunika ngozi na kuifanya ifyonze dawa zaidi, kwenye mwili ambao tayari unafyonza kuliko wa kwako, steroidi inaifanya ngozi izidi kuwa nyembamba, na ikitumika muda mrefu inaweza kuingilia homoni za mwili mzima. Steroidi yenyewe sio adui, daktari anaweza kumwandikia mtoto ile ya nguvu ndogo kwa siku chache na ikamsaidia sana, hatari ni ile ya kuokoteza. Na kama mama au mlezi anatumia krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi au zebaki, ajue kwamba mtoto anayelala kifuani kwake anazipata pia.

Kuna jambo linaniuma kwenye maelezo mengi ya vipele, nalo ni neno "wekundu". Picha nyingi unazokutana nazo ni za watoto weupe, kwahiyo mzazi wa mtoto mwenye ngozi nyeusi anasubiri aone wekundu na hauoni. Kwenye ngozi nyeusi ngozi iliyowaka inaweza kuonekana ya zambarau, ya kijivu, au nyeusi zaidi ya ngozi ya pembeni. Tumia mkono. Gusa uone kama pana joto, pamevimba, pamekakamaa au pana vijiwe vidogo, angalia kama mtoto analia ukigusa. Na vikishapona vinaacha alama nyeusi au nyeupe kwa wiki au miezi, hiyo sio makovu, rangi inarudi yenyewe, usimpake kitu cha kuiharakisha.

Vipo vipele ambavyo ni vya kuviacha tu. Kubanduka ngozi mikononi na miguuni siku za mwanzo ni kawaida, hasa akizaliwa amechelewa. Vidoti vyeupe puani ni vitundu vya ngozi vilivyoziba, usivibinye. Siku ya 2 au ya 3 anaweza kutoka vipele vyenye kichwa cheupe au njano mwili mzima, vinahama huku na kule, yeye ananyonya na kulala vizuri tu, na ndani ya wiki moja au mbili vinapotea. Baadhi ya watoto weusi wanazaliwa na malengelenge madogo yanayopasuka na kuacha vidoa vyeusi, nayo huisha, ila kama huna uhakika ndo hayo muonyeshe mhudumu. Chunusi za usoni kwenye wiki ya 2 mpaka ya 4 osha kwa maji tu. Magamba ya njano kichwani lainisha kwa mafuta kidogo, subiri, piga brashi laini, osha, usibandue na kucha. Na yale madoa ya bluu au kijivu kiunoni na makalioni, anayozaliwa nayo, ni rangi iliyobaki chini ya ngozi. Mwambie mhudumu ayaandike kwenye kadi, maana kuna wazazi wameshawahi kudhaniwa wamempiga mtoto.

Vipele vya joto ni jasho lililonasa, vijidudu havihusiki. Mpunguzie nguo, shika shingo yake nyuma au kifua ndo ujue kama ana joto, maana mikono na miguu ya kichanga huwa ya baridi hata akiwa yuko sawa, na hapo ndo watu wanapokosea wanaongeza blanketi.

Pumu ya ngozi, ile madaktari wanaiita ekzema, ni habari nyingine. Inaanza mara nyingi mashavuni, kichwani na sehemu za nje za mikono na miguu, ni kavu, inawasha, mtoto anajisugua usiku na halali, na mara nyingi eneo la nepi linapona kwasababu lina unyevu. Mwaka 2006 iligundulika kwamba baadhi ya watoto wenye tatizo hilo wana hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini inayosaidia kuyashikanisha yale matofali, kwahiyo mama usijilaumu kwamba ulikula nini au ulimwogesha vibaya. Watu waliamini pia kwamba ukimpaka mtoto krimu ya unyevu kila siku tangu anazaliwa utaizuia, lakini utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2020, wenye watoto 1,394, haukuona ikizuia. Akishaipata, hapo krimu nzito za unyevu ndo msingi wa matibabu, kila siku hata zile siku ngozi inaonekana nzima.

Jambo moja la nguo. Fua nguo mpya kabla hajazivaa, na zile ulizorithi zilizotunzwa na vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo usimvalishe hata kama umezianika. Vile vidonge vingi ni naftalini, inapita kwenye ngozi na hewa, na mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD kinacholinda chembe za damu, upungufu ambao uko sana kwa watu wa maeneo yenye malaria, chembe zake za damu zinaweza kuvunjika na manjano, yani ngozi na macho kugeuka njano, ikapanda kwa kasi hadi kumdhuru ubongo. Na usitegemee jua la moja kwa moja kutibu manjano, linaweza kumuunguza, chini ya miezi 6 akae kivulini.

Usisubiri asubuhi ukiona haya: malengelenge yanayojaa maji au usaha, ngozi inayobanduka vipande kama imeungua, wekundu au uvimbe unaosambaa kuzunguka kitovu au kinatoa usaha, vidoa vya zambarau ambavyo ukivikandamiza na glasi havififii, manjano iliyotokea ndani ya masaa 24 ya kwanza au iliyofika viganjani na nyayoni, au vipele vyovyote vinavyoambatana na kukataa kunyonya, kulegea, au homa ya kuanzia nyuzi 38 kwa mtoto wa chini ya miezi 3. Kwa mtoto mweusi manjano iangalie kwenye weupe wa macho, kwenye fizi na nyayoni, kwenye mwanga wa mchana. Ukienda, beba kila krimu, mafuta na sabuni ulivyomtumia, na kasha zake, daktari avione.